Diski imekufa, waranti iko hai, na boksi bado liko kwangu

Nilikuwa nimeshaizungushia nailoni ya mapovu mara tatu, nikaibana katikati ya sponji, nikafunga boksi kwa selotepu na kubandika juu yake karatasi yenye namba niliyopewa na mtengenezaji. Kilichobaki ni kuinuka kwenda kulituma.

Sikuinuka.

Nililitazama boksi lile kwa muda mrefu, kisha nikachukua kisu, nikaichana selotepu na kuitoa diski ya kompyuta, ile ya kuhifadhia data yenye sahani zinazozunguka ndani. Ilikuwa imetulia ndani ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, baridi, nzito kuliko umbo lake. Siku nne kabla ilikuwa inagonga: ta, ta, ta, kimya. Ta, ta, ta, kimya. Anayeijua sauti hiyo hahitaji kuelezwa. Ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia juu ya sahani, kinakosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena.

Waranti ilikuwa ya miaka 3, na zilikuwa zimebaki wiki saba. Kwa mujibu wa makaratasi, mimi nilikuwa mteja mwenye bahati.

Kazi yangu ni kuhariri sauti. Watu huniletea mahojiano marefu, nami hukata, husafisha, huunganisha. Kinachosikika hewani ni dakika ishirini, kinachobaki kwenye diski ni saa nne, na ndani ya saa hizo mna yale ambayo mtu aliyasema kisha akaomba: "Hilo litoe." Nililitoa kwenye kipindi. Kwenye diski halijatoka.

Niliweke wazi jambo moja, maana najua swali litakuja: data sikupoteza. Nilinunua diski mbili siku moja, pacha, na kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa pia kwenye nyingine. Kilichonikwamisha ni kwamba diski iliyokufa haifutiki. Kufuta ni kuiamuru diski iandike juu ya vilivyomo, na hii haikuwa inapokea amri ya mtu. Lakini sahani zake hazikuwa tupu. Fundi mwenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilishia anaweza kuzisoma.

Na waranti inataka diski irudi kama ilivyo, haijaguswa bisibisi.

## Kila mtu ana kampuni aliyoiapia

Nilipowasimulia wenzangu, hakuna aliyeuliza kilichokuwemo. Wote waliuliza: "Ya kampuni gani?"

Nikaitaja. Mmoja akacheka: "Hizo mimi nilishaapa, kaka. Sirudii." Mwingine akashangaa, akasema yeye anazo tatu za kampuni hiyo na hazijawahi hata kukohoa, zilizomliza ni za ile ambayo yule wa kwanza anaisifia. Wa tatu alikuwa na nadharia kuhusu rangi za lebo ambayo sitaieleza hapa kwa sababu bado sijaielewa.

Nikajiambia nitalimaliza hili jioni moja. Nitazilinganisha kampuni: ipi diski zake zinadumu, ipi inabadilisha bila usumbufu. Zimepita wiki kadhaa, na kila nilipodhani nimepata jibu, jibu lilikuwa la swali jingine.

Kampuni zinazotengeneza diski za aina hii zimebaki tatu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Wengine walimezwa. Conner iliingia Seagate mwaka 1996. Diski za Quantum zilikwenda Maxtor mwaka 2001, na Maxtor yenyewe ikanunuliwa na Seagate mwaka 2006. Fujitsu iliwauzia Toshiba kitengo chake mwaka 2009. Samsung iliwauzia Seagate mwaka 2011. Kwa hiyo mtu aliyeapa miaka ishirini iliyopita kwamba hagusi tena Maxtor, huenda leo anamsifia mrithi wake.

Lakini kisa kilichonikalisha chini ni cha IBM.

Hawa ndio waliotoa diski kuu ya kwanza, mwaka 1956: kabati zima lenye sahani 50, likibeba herufi zipatazo milioni tano. Mwaka 2000 wakatoa Deskstar 75GXP, diski ya kasi iliyosifiwa sana, kisha ikaanza kufa mikononi mwa watu kwa wingi hadi wanunuzi wakaibatiza Deathstar, yaani nyota ya mauti, na kesi ikafika mahakamani Marekani. IBM ikakiuza kitengo hicho kwa Hitachi. Hitachi ikakilea, kikaitwa HGST, na mwaka 2012 kikanunuliwa na Western Digital.

Diski za HGST, ukoo uleule wa ile nyota ya mauti, kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa zikiongoza kwa kudumu katika takwimu nitakazozitaja sasa hivi.

Nani basi alikuwa sahihi, aliyeapa au aliyesifu?

## Jedwali

Kuna kampuni ya Marekani, Backblaze, inayohifadhi data za watu. Tangu mwaka 2013 imekuwa ikiandika kila siku ni diski ipi iko hai na ipi imekufa katika vituo vyake, na takwimu hizo inazitoa hadharani. Zimezidi diski laki tatu sasa. Kwa wastani, diski zilizokufa kwao zilikuwa asilimia 1.01 mwaka 2021, na asilimia 1.70 mwaka 2023.

Nililifungua jedwali hilo nikitafuta jina la kampuni. Nikalikuta limepangwa kwa modeli.

Mwanzoni niliona ni usumbufu tu. Baadaye nikaona kuwa usumbufu huo ndio habari yenyewe. Chukua Seagate. Modeli yake ya terabaiti 3, ST3000DM001, ilikufa kwa kiwango kilichotisha, ikafunguliwa kesi mwaka 2016. Modeli ya terabaiti 4 ya Seagate hiyohiyo, iliyotumika kwenye rafu za Backblaze hiyohiyo, ilifanya vizuri kwa mbali. Mtu aliyenunua ya kwanza ana haki ya kulia. Aliyenunua ya pili ana haki ya kushangaa mwenzake analilia nini. Wakikutana mezani watabishana kuhusu jina la kampuni, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Shida ni kwamba modeli ikishapata umri wa kutosha kuhukumiwa, imeshaondoka sokoni. Jedwali linanieleza kwa uhakika kabisa nilichopaswa kununua miaka mitano iliyopita. Modeli yangu haikuwemo. Halafu diski za Backblaze hazizimwi usiku, hazibebwi kwenye begi, hazidondoki kutoka ukingo wa meza. Maisha yao si ya diski yangu.

Na hata modeli nayo haitoshi. Mwaka 2020 iligundulika kuwa Western Digital ilikuwa imeingiza ndani ya baadhi ya diski zake za Red teknolojia inayolaza njia za data zikipandana kama vigae vya paa, bila kuitaja kwenye maelezo ya bidhaa. Kusoma si tatizo. Kuandika upya mfululizo, kama wakati wa kujenga upya pacha iliyokufa, ndiko kunakoishinda pumzi. Lebo ileile nyekundu, ndani tabia nyingine. Seagate na Toshiba nao walikutwa na modeli zao ambazo hawakuwa wameziambatanisha na maelezo hayo. Hapo hakuna wa kumtuma kumhubiria mwenzake.

## Saa milioni moja

Kwenye karatasi ya maelezo ya diski yangu pameandikwa kwamba wastani wa muda kabla ya kuharibika ni saa milioni moja.

Piga hesabu. Ni miaka 114.

Hakuna anayekudanganya, lugha ndiyo inayokuchezea. Namba hiyo inahusu kundi. Chukua diski elfu moja, ziendeshe mwaka mzima, kila moja saa 8,760, utapata jumla ya saa karibu milioni tisa, kwa hiyo utarajie kuzika kama tisa. Haikuambii yako itaishi hadi lini wala itakufa lini. Na hata hizo tisa ni za karatasini: mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichunguza diski zipatazo laki moja zilizokuwa kazini, wakakuta zinazobadilishwa kwa mwaka kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine zilifika 13.

Mwaka huohuo Google nao walitoa utafiti wao, juu ya diski zaidi ya laki moja. Nilichokishika mle ni kuhusu SMART, vile vipimo ambavyo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo vinne vinavyotegemewa zaidi.

Yangu ilikuwa miongoni mwa hizo. Jumatatu vipimo vilikuwa safi. Jumatano ilianza kugonga.

## Mafuriko

Nikasema, sawa, tuache kubashiri uimara. Nitatazama waranti. Mtengenezaji anaijua diski yake kuliko mtu yeyote. Akiweka miaka 5, anaweka fedha yake mwenyewe hapo. Hoja hii niliipenda sana. Nilikaa nayo wiki nzima.

Kisha nikakumbuka mwaka 2011. Mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda, vikiwemo vya Western Digital, na bei za diski zikapaa dunia nzima. Mwezi Desemba mwaka huo, Seagate na Western Digital wote wakatangaza kupunguza waranti za baadhi ya diski zao: za miaka 3 zikashuka hadi 2, nyingine hadi mwaka 1.

Diski zenyewe hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi hakuwa na pengine pa kwenda.

Sisemi urefu wa waranti hauna maana. Diski za mezani za miaka 2, za hifadhi ya nyumbani za miaka 3 na za vituo vya data za miaka 5 hazikutengenezwa kwa kazi moja. Ya mezani huwekewa kiwango cha terabaiti 55 za kusoma na kuandika kwa mwaka, ya hifadhi ya nyumbani 180, ya kituo cha data 550. Hiyo ni tofauti ya kweli. Ila nilikuwa nikiisoma ile miaka kama cheti cha daktari, kumbe ni bei tu, iliyoandikwa kwa tarakimu nyingine.

## Mlango wa kurudishia

Kuhusu huduma ya kubadilishiwa, nilitegemea kupata mshindi na sikumpata. Masharti ya hawa watatu nimeyasoma yote, kazi ambayo siitamanii mtu, na yanafanana kama yamenakiliwa. Unaingiza namba ya mfululizo kwenye ukurasa wao, unaambiwa kama waranti iko hai. Gharama ya kuituma mara nyingi ni yako. Inayorudi inaweza kuwa iliyokarabatiwa, siyo mpya, na waranti yake huendelea pale ya zamani ilipoishia, au hupewa siku chache za chini kabisa. Ukiifunga ovyo wanaweza kuikataa. Data hazimo kwenye ahadi.

Panapouma ni kwenye namba ya mfululizo. Diski iliyokuja ndani ya kompyuta, au iliyouzwa kwa wingi kwa waunda mashine, mtengenezaji wa diski anaweza kukujibu kwa sentensi moja: nenda kwa aliyekuuzia. Diski inaweza kuwa na siku thelathini tangu itoke kwenye nailoni na bado ukurasa ukasema haina waranti kwako. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watu wengi Ulaya waligundua kwamba diski za Exos, zile za Seagate za vituo vya data, walizouziwa kama mpya zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa, vipimo vya SMART vikiwa vimerudishwa sifuri na wajanja wa katikati. Kumbukumbu nyingine ya ndani, iliyozama zaidi, ndiyo iliyowaumbua.

Kwa hiyo siku hizi nikinunua diski, namba ya mfululizo naiingiza kwenye ukurasa wa waranti siku hiyohiyo, kabla hata sijaichomeka. Mwenzangu anasema nimekuwa kama mtu anayeuma sarafu.

## Wakubwa walishalijua

Nikarudi kwenye boksi. Nikaanza kuuliza: benki inafanyaje? Hospitali? Diski zao zinakufa kila wiki, na ndani mna mambo mazito kuliko mahojiano yangu.

Jibu likanichekesha kidogo, kicheko cha uchungu. Wanalipia ili wasirudishe. Dell na HPE, wauzaji wa serva, wana huduma kabisa ya namna hiyo: diski ikifa ndani ya waranti unapewa nyingine, na ile mfu unabaki nayo, uisage mwenyewe. Maana yake kikwazo changu kilishafahamika, kikapewa jina na bei. Mimi mwenye diski mbili ndiye sikuwa nimeambiwa.

Na kuna njia isiyolipiwa, ambayo nilikuwa nayo mkononi miaka yote mitatu. Ningeifunga diski kwa usimbaji fiche siku ya kwanza, kabla ya kuandika faili hata moja, ningeituma ikigonga hivyohivyo. Atakayebadilisha vichwa angesoma uji wa herufi. Programu ya kufanya hivyo ilikuwa kwenye kompyuta yangu bila malipo. Sikuiwasha kwa sababu niliogopa kusahau nenosiri.

Nimeilinganisha Seagate na Toshiba wiki nyingi. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, dakika kumi baada ya kufungua boksi, na aliyelifanya si wao.

## Pacha

Wiki moja baada ya ile ya kwanza, pacha wake akaanza.

Huyu hakugonga. Kipimo namba 5 cha SMART, kinachohesabu sekta zilizoharibika na kuhamishwa, kilitoka sifuri kikawa 8. Siku ya nne kikawa 32. Siku moja walitoka kiwandani, namba zao za mfululizo zinakaribiana, na nilikuwa nimewaweka wakilindana kana kwamba hawakuzaliwa tumbo moja.

Nilihamishia kila kitu kwenye diski mpya ya kampuni nyingine. Sikuichagua kwa kuiamini. Nilitaka tu isiwe na ndugu mezani. Safari hii nikaifunga kwanza, na nenosiri nikaliandika kwenye karatasi mbili zilizo mahali pawili.

Halafu nikaanza kuifuta ile gonjwa. Terabaiti 4, sifuri baada ya sifuri. Diski isiyo na ugonjwa ingechukua saa saba na kitu, hii ilichukua zaidi ya tisa, kwa sababu kila ilipofika pabaya ilinung'unika na kupunguza mwendo. Nilikaa nayo hadi alfajiri. Kuifuta kungeweza kuiua katikati, nikabaki na diski mbili mfu zenye siri badala ya moja. Kwenye asilimia 81 ilisimama kabisa, taa inawaka, hakuna kinachosogea, na nikajikuta nimeishika kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ikaendelea.

Ilipomaliza nilisoma sehemu kadhaa hapa na pale kuhakikisha. Tupu. Nikafunga boksi, na safari hii niliinuka.

Huduma yenyewe sina neno nayo. Hakuna aliyenihoji, hakuna aliyenizungusha. Siku ya kumi na tisa nikapokea nyingine, lebo yake ikisema kuwa imekarabatiwa, saa za kazi zikisoma sifuri. Nimeipima siku mbili mfululizo. Inasikika vizuri. Nimeipa kazi isiyo na sauti za watu.

Ile ya kwanza bado ipo kwenye droo, ndani ya mfuko wake wa kijivu. Kila siku mbili tatu naingiza namba yake kwenye ukurasa wa waranti. Sijui kwa nini, maana uamuzi ni kama nimeshaufanya. Jana iliniambia siku 11. Screw za kifuniko chake zina kichwa cha nyota, na moja imejificha chini ya lebo. Ukiitoboa lebo hiyo, waranti imekwisha.

Bisibisi ya nyota nimeshainunua. Iko kwenye droo hiyohiyo.